Hesabu ya nyumbani: chumba hiki kitakunywa ndoo ngapi?



Mvua zimepungua, barabara zimekauka, na kama kila mwaka wakati wa kiangazi watu wanaanza kuzitazama nyumba zao. Yupo anayengoja wageni wa posa. Yupo anayesema kwamba Idi au Noeli ya safari hii haitamkuta na ukuta ule ule wa kijivu. Saloni imepigwa krepi ya simenti tangu mwaka jana, sasa inataka rangi. Fundi anaitwa, anasimama mlangoni, anazungusha macho, anakohoa kidogo, anasema: «Mama, hapa ni ndoo tatu.» Mama anaitika «Ndiyo, baba», kisha anakuja kwenye kikundi kuomba mkopo wa ndoo tatu.

Sisi tunauliza swali moja tu: nani amepima?

Hapa Kindu ndoo ya rangi ni mgeni aliyetoka mbali. Imekuja na gari la moshi kutoka upande wa Kalemie au Lubumbashi, au imepanda ndege toka Kinshasa, au imeletwa na lori na pikipiki katika barabara tunazozijua. Kila safari imeongeza bei yake. Mama wa Alunguli anaongeza tena nauli ya mtumbwi. Kwa hiyo ukinunua nyingi kupita kiasi, franka zako zinakaa kwenye kona ya nyumba na kukauka polepole ndani ya ndoo. Na ukinunua kidogo, unarudi butikini baada ya siku nne unaambiwa rangi ile imekwisha, ngoja gari la moshi. Ndipo ukuta unabaki na sura mbili, na wageni wa posa wanafika Jumamosi.

Tena pesa zenyewe mara nyingi si za mama peke yake. Zimetoka kwenye likelemba, au kwenye kasha la AVEC, lile lenye kufuli tatu. Ni pesa za wamama ishirini na zaidi, na zinarudishwa na riba. Mkopo wa ndoo isiyohitajika unalipwa sawasawa na mkopo wa ndoo iliyohitajika.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa katika hali hiyo. Binti yake alikuwa anachumbiwa, na fundi alikuwa amesema ndoo tatu za kilo 20. Kabla ya kufungua kasha, tukaenda kwake na kamba, metre na daftari. Hesabu yenyewe ni ile ambayo watoto wetu wa mwaka wa tano na wa sita wanaifanya shuleni kila juma. Hata tulimwita kijana wake wa mwaka wa sita ashike kalamu, naye alifurahi kuona kwamba somo lile linafaa kitu.

Njia ni hii: zunguka chumba, zidisha kwa kimo, toa matundu.

Kuzunguka chumba maana yake ni kupima chini ya kila ukuta na kujumlisha. Pimeni kuta zote nne, msipime mbili halafu kusema mbili nyingine ni sawasawa. Nyumba zetu nyingi hazina pembe kamili. Ukuta wa mbele unaweza kuwa na metre 4 na ule wa nyuma metre 4,20. Asiye na metre ya fundi wa ujenzi amwombe mshonaji: metre yake ya kitambaa ina sentimetre 150, inatosha. Au chukueni kamba isiyovutika, mpime juu yake metre moja moja kwa rula ya mwanafunzi, na kila metre mfunge fundo. Kikwembe msikitumie kupimia, kinavutika na kinadanganya.

Saloni ya mama yule ilikuwa na metre 5 kwa 4. Kuizunguka: 5 na 4 na 5 na 4, ni metre 18. Kimo toka sakafu hadi mwisho wa krepi kilikuwa metre 2,80. Tukazidisha 18 kwa 2,80, tukapata metre mraba 50,40.

Kisha matundu. Mlango wa mbele: 0,90 kwa 2, ni 1,80. Mlango wa ndani: 0,80 kwa 2, ni 1,60. Madirisha mawili ya 1,20 kwa 1: ni 2,40. Jumla ya matundu 5,80. Tukitoa kwenye 50,40 inabaki 44,60. Tukaandika 45, maana fundi hapaki kwa mkasi. Plafoni hatukuhesabu kwa sababu haikuwepo. Wenye plafoni wataongeza urefu mara upana, kwa chumba kile ingekuwa metre mraba 20.

Sasa ukuta unakunywa kiasi gani? Rangi ya maji ya kawaida, litre moja inafunika karibu metre mraba 10 kwenye ukuta laini ambao umekwisha kupakwa mara moja. Lakini krepi mpya, ambayo haijawahi kuona rangi, ina kiu. Mkono wa kwanza unakula zaidi: hesabuni litre moja kwa metre mraba 6 hivi. Mkono wa pili ndio unarudi kwenye 10. Kwa saloni ile: 45 gawa kwa 6 ni litre 7 na nusu. 45 gawa kwa 10 ni litre 4 na nusu. Jumla litre 12.

Hapo kuna jambo moja ambalo wengi hawaliangalii. Ndoo nyingi zinazouzwa hapa zimeandikwa kilo, si litre. Rangi ya maji ni nzito kuliko maji: litre moja ina uzito wa karibu kilo 1,4 hadi 1,5. Kwa hiyo ndoo ya kilo 20 haina litre 20 ndani yake. Ina litre 13 au 14. Mtu akihesabu litre halafu akanunua kilo kwa tarakimu ile ile, atapungukiwa. Someni ubavu wa ndoo kabla ya kutoa franka, na mkiona «kg» gaweni kwa 1,5 ili muwe salama.

Mama yule alihitaji litre 12. Ndoo moja ilikuwa na 13 au 14. Ndoo moja, wamama, si tatu. Ndoo tatu ni karibu litre 40, ni saloni tatu kama ile.

Fundi hakufurahi. Alisema walimu wanapaka ukuta kwa kalamu. Lakini tusimfanye mwizi. Wako mafundi wanaoomba ndoo ya ziada ili iende kumaliza kazi ya mtu mwingine, hilo kila mtu mjini analijua. Wako pia wanaohesabu kwa macho kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, na wanaogopa kupungukiwa katikati ya kazi na kutukanwa na mwenye nyumba. Na fundi huyu, tuseme ukweli, alikuwa na haki katika jambo moja: alituonyesha kwamba sehemu ya chini ya ukuta, kama sentimetre 80 toka sakafuni, ilikuwa inavuta zaidi kwa sababu ya unyevu wa msimu uliopita, na itataka mkono wa tatu. Tukapiga hesabu tena: 18 mara 0,80 ni metre mraba 14,40, yaani litre moja na nusu ya kuongeza. Ndoo ile ile ilitosha. Mwisho wa kazi kilibaki kikombe tu chini ya ndoo, na mama alikopa theluthi moja ya rangi aliyotaka kukopa.

Jihadharini na maji. Rangi ya mkono wa kwanza inaongezwa maji kidogo, ni kawaida, na kiasi kimeandikwa kwenye ndoo. Lakini fundi akiongeza maji mpaka rangi inatiririka kama uji wa mgonjwa, ndoo moja itapaka nyumba nzima na baada ya mwezi mmoja kila anayeegemea ukuta ataondoka na rangi mgongoni. Hesabu yetu ni ya rangi iliyo rangi.

Kuna wanaopenda chini ya ukuta kuwa na mkanda wa rangi ya mafuta, metre moja kwenda juu, kwa sababu ya mikono ya watoto. Ni wazo zuri, unafuta kwa kitambaa na sabuni. Hesabu ni ile ile: mzunguko 18, toa upana wa milango miwili 1,70, inabaki metre mraba 16,30. Litre moja ya rangi ya mafuta inafunika karibu metre mraba 12. Mikono miwili ni litre 3 kasoro kidogo. Lakini ukuta uwe umekauka kabisa. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu inafanya malengelenge kama mtu aliyeungua.

Na wale wenye nyumba za matofali mabichi, wanaopaka chokaa au udongo mweupe wa pemba kama mama zetu na bibi zetu? Ndio wengi, nasi hatuwasahau. Kwao litre 10 na litre 6 hazina maana, kwa sababu kila udongo unakunywa kwa namna yake na kila mama anachanganya kwa mkono wake. Hapo tunatumia jaribio la metre moja. Chora kwenye ukuta mraba wa metre 1 kwa metre 1. Pima chokaa iliyochanganywa kwenye chupa ya nusu litre, jaza mpaka juu. Paka mraba ule vizuri. Angalia kimebaki nini kwenye chupa. Kama nusu ya chupa imekwisha, ukuta wako unakunywa robo litre kwa metre mraba moja. Chumba chako kina metre mraba 30? Basi 30 mara robo, ni litre 7 na nusu kwa mkono mmoja. Chokaa inataka mikono mitatu myepesi kuliko mmoja mzito, kwa sababu mzito unapasuka na kudondoka. Mkono wa pili na wa tatu hunywa kidogo kuliko wa kwanza. Ukihesabu mitatu sawa hutapungukiwa.

Jaribio hili linafaa hata kwa rangi ya ndoo. Fundi akikataa hesabu ya daftari, mwambieni apake mraba mmoja mbele yenu. Ukuta wenyewe utajibu.

Chokaa inaunguza macho. Inyesheeni maji mapema, iache ilale usiku mzima, watoto wawe mbali, na anayepaka juu ya kichwa chake afunge kitambaa na asitazame brashi kwa chini. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mwende kituo cha afya bila kungoja jioni.

Tufike kwenye swali ambalo mdada mmoja alituletea, nalo lilitufurahisha. Ndugu yake wa Kinshasa anataka kumtumia karatasi ya ukutani, ile yenye maua inayobandikwa kwa gundi, na anamwuliza: «Nitume rulo ngapi?» Ameona saloni kama hizo kwenye picha za simu. Yeye alipiga hesabu ya eneo kama tulivyofanya kwa rangi, akapata jibu, na alikuwa karibu kulituma. Bahati nzuri alipita kwetu kwanza, kwa sababu karatasi haihesabiwi kama rangi.

Rangi inamwagika, inafika popote. Karatasi ni kama kikwembe: ina upana wake na urefu wake, na kinachobaki baada ya kukata hakishonwi tena. Rulo ya kawaida ina upana wa sentimetre 53 na urefu wa metre 10 na sentimetre 5. Ni karibu metre mraba 5,30. Kwa saloni yetu ya mfano, mtu akigawa 50,40 kwa 5,30 anapata 9 na nusu, anasema rulo 10 zinatosha bila kutoa hata mlango. Hazitoshi.

Tazameni. Karatasi inabandikwa kwa kanda zilizosimama toka juu hadi chini. Kila ukanda ni kimo 2,80, na sentimetre 10 za kukata juu na chini: 2,90. Kwenye rulo ya metre 10,05 zinatoka kanda ngapi? Tatu, ambazo ni metre 8,70. Inabaki metre 1,35, na haifiki ukanda wa nne. Sasa mzunguko: 18 gawa kwa 0,53, ni kanda 34. Kwa kanda tatu kila rulo, ni rulo 12. Milango miwili ina upana wa metre 1,70, yaani kanda tatu hatuzihitaji, kwa sababu vipande vya 1,35 vinavyobaki vitafunika sehemu ya juu ya milango. Inabaki kanda 31: rulo 11. Kumi hazitoshi, na rulo moja iliyokosekana iko Kinshasa.

Na maua je? Kila mama aliyewahi kushonesha kikwembe chenye ndege mkubwa anajua: mshonaji anaomba kitambaa zaidi ili ndege asikatwe kichwa kwenye mshono. Karatasi yenye maua makubwa ni hivyo hivyo. Kwenye rulo kimeandikwa ua linarudi baada ya sentimetre ngapi, tuseme 64. Basi kila ukanda lazima uwe na urefu wa 64 kamili mara kadhaa. Kwa chumba cha kimo cha metre 2,40, karatasi isiyo na maua inatoa kanda nne za 2,50, ni metre 10 barabara. Yenye maua ya 64 inataka ukanda wa 2,56. Nne ni 10,24, rulo haifiki, unabaki na kanda tatu. Kwa maua tu, rulo zimeongezeka kwa theluthi. Asiyetaka hesabu hiyo achague mistari iliyosimama au karatasi isiyo na picha.

Rulo zote ziwe na namba moja ya toleo, imeandikwa kwenye karatasi yake ya nje. Namba zikitofautiana, rangi nazo zinatofautiana kidogo, na jua la saa nne asubuhi litaonyesha.

Tukimjibu mdada yule kwa moyo mmoja, tulimshauri asibandike saloni nzima. Nyumba yake ni ya matofali mabichi yenye krepi nyembamba. Mvua zikirudi, unyevu utapanda toka chini, gundi itaachia, nyuma ya karatasi kutaota ukungu, na mende na mchwa wanapenda karatasi na gundi kuliko sisi tunavyopenda sombe. Abandike ukuta mmoja tu, ule wa ndani usiopigwa na mvua, nyuma ya viti. Ukuta wa metre 5 ni kanda 10, yaani rulo 4 kwa kimo cha 2,80. Zilizobaki apake rangi inayofanana na moja ya rangi za maua. Itapendeza, na ndugu yake atatuma mzigo mdogo.

Kitu kimoja zaidi kwa wenye nyumba za zamani, hasa zile zilizojengwa wakati wa ukoloni. Rangi za mafuta za zamani, na nyingine hata za leo, zina madini ya risasi. Ukikwangua ukuta mkavu vumbi lake linaingia kwa watoto wanaotambaa na kuweka vidole kinywani, na risasi inaharibu akili ya mtoto bila kuonyesha dalili haraka. Loweshieni ukuta kabla ya kukwangua, fagieni kwa kitambaa chenye maji, na watoto pamoja na mama mjamzito wawe nyumba nyingine siku hiyo. Chumba kilichopakwa rangi ya mafuta kisilaliwe usiku ule.

Kikundi kinachotaka tukisaidie kuhesabu, kilete kwenye mkutano wa juma lijalo vitu hivi vimeandikwa: urefu wa kila ukuta mmoja mmoja, kimo kwenye pembe mbili tofauti, upana na kimo cha kila mlango na kila dirisha, na kama ukuta ni krepi mpya, umekwisha kupakwa, au ni udongo. Kwenye ndoo mliyoonyeshwa butikini, andikeni pia kama ni kilo au litre.